Pingili ya Sita

Baba yangu hakuwahi kumtibu mtu hata mafua, lakini mtaani kwetu watu walimletea mikono iliyovunjika. Walisikia anashughulika na mifupa, basi wakakata shauri kwamba ni mganga. Siku moja muuza mkaa alikuja na bega limeshuka, akaketi kwenye kiti chetu cha sebuleni na kukataa kuondoka. Baba akamweleza taratibu kwamba mifupa anayoijua yeye ni ya watu waliokwisha kufa zamani, tena imekauka. Muuza mkaa akanyanyuka na bega lake, na tangu siku ile akawa anavuka barabara kila akituona.

Kazi yake hasa ilikuwa hii. Katika chuo cha udaktari, nyuma ya ukumbi wa mihadhara, kulikuwa na chumba cha mifupa, na Baba ndiye aliyekitunza. Aliingia pale akiwa kijana wa kupiga deki. Baada ya miaka michache akawa anapewa mifupa aisafishe, kisha aitoboe, kisha aiunge, mpaka ikawa hakuna mwingine aliyejua kipi kinakaa wapi ndani ya makabati yale. Viunzi vinne vya mifupa ya binadamu vilining'inia kwenye vyuma vyao, kila kimoja na namba yake. Migongo ndiyo iliyomsumbua zaidi. Wanafunzi waliikunja isivyokunjika, waya zikakatika, pingili za uti wa mgongo zikatawanyika sakafuni, na Baba akazipanga upya. Alipitisha waya mnene kwenye tundu la kila pingili, na kati ya pingili na pingili, pale ambapo mtu hai ana diski, akaweka kipande cha mpira alichokikata kwenye kandambili. Kwetu kandambili hazikumaliza mwezi. Mama alikuwa akitoka kuoga anakuta amebakiwa na ya kushoto tu, na anajua moja kwa moja ya kulia imekwenda chuoni.

Wanafunzi walimwita Mzee Pingili hata kabla hajawa mzee. Alikuwa na mfuko wa kitambaa wa kufunga kwa kamba. Anatia pingili moja humo, mwanafunzi anaingiza mkono bila kuchungulia na kutaja ni ipi. Zenye vitundu viwili pembeni ni za shingo. Zenye sehemu za kukalia mbavu ni za kifua. Zile nene, zenye mwiba mpana nyuma kama shoka butu, ni za kiuno. Shingo saba, kifua kumi na mbili, kiuno tano, halafu ule mfupa wa pembetatu unaokaa katikati ya nyonga, na kifandugu chini kabisa. Aliyataja hayo kama mtu anayetaja wachezaji wa timu yake, na mwanafunzi aliyekosea alirudishiwa mkono mfukoni.

Mimi ni msusi. Siku moja alipita saluni kwangu kuchukua ufunguo, akamkuta mteja ameinamisha kichwa, na nyuma ya shingo kile kifupa kimechomoza. Baba akakigusa kwa ncha ya penseli na kusema, "Hii ni ya saba." Mteja alisimama na nusu kichwa hakijasukwa. Nilimtoa Baba nje kwa mkono wangu.

Mama naye alimpiga marufuku jambo moja tangu walipooana: asimhesabu mgongo. "Mimi ni mkeo," alimwambia. "Ukitaka kuhesabu, nenda kazini kwako wamejaa tele, na hawana mdomo." Baba akakubali, na kwa miaka thelathini na moja alimkanda mgongo bila kuhesabu, ingawa nadhani vidole vilimwasha.

Maana mgongo wa Mama ulihitaji kukandwa. Alipiga pasi kwenye duka kubwa la dobi, amesimama kuanzia asubuhi mpaka jioni, na maumivu ya kiuno aliyachukulia kama sehemu ya mshahara. Mwaka ule yakashuka mguuni. Kwanza ganzi ya kidole gumba, kisha wayo mzima ukawa unaburura, kisha akaanguka mlangoni akiwa na ndoo. Tukaenda hospitali, tukapangiwa tarehe, tarehe ikasogezwa. Ikapangwa nyingine, nayo ikasogezwa. Mwezi wa saba Mama akaniita bafuni akaninong'oneza kwamba hajui tena mkojo umekwisha au bado. Alisema hivyo huku ameangalia ukuta. Mwanamke aliyenilea hakuwahi kuona haya mbele yangu, na siku ile aliona haya.

Daktari wa upasuaji aliyempokea alikuwa mwanafunzi wa Baba, mmoja wa wale waliopenda mfuko ule kiasi cha kuja hata saa ya chakula. Alimtazama Mama, akamgusa miguu kwa sindano, akatuita pembeni. Diski imetoka mahali pake na kubana mishipa ya fahamu. Akipasuliwa Jumatano ile, mguu unaweza kurudi. Akikosa Jumatano, nafasi nyingine ni baada ya wiki sita. "Na Mama hana wiki sita," alisema. "Zikipita, atakaa kwenye kiti cha magurudumu maisha yake yote."

Jumanne saa nane mchana tulikuwa wodini. Muuguzi alitupa beseni na sabuni ya dawa, akasema mgongo wa mgonjwa uoshwe vizuri kwa ajili ya kesho. Baba akakunja mikono ya shati. Mama alikuwa amelala ubavu, amechoka hata kutania. Baba akamsugua polepole kutoka mbavuni kushuka chini, kisha mkono ukasimama. Akarudi juu, akashuka tena, safari hii kwa kidole kimoja.

"Unahesabu," Mama akasema bila kugeuka.

"Nisamehe."

Akajifuta mikono, akachukua ile bahasha kubwa ya eksirei chini ya godoro na kwenda nayo dirishani. Akaiinua kwenye mwanga, midomo ikawa inacheza. Nilimwona uso ukimbadilika rangi.

"Ana sita," aliniambia tulipotoka koridoni. "Za kiuno. Mama yako ana sita."

Nikamwambia hata angekuwa na kumi, mradi apasuliwe. Ndipo akanieleza, kwa haraka, akijikwaa maneno. Karatasi ya majibu ya MRI, kile kipimo kingine cha picha alichopigwa Mama, ilisema diski iliyotoka iko chini ya pingili ya nne ya kiuno. Aliyesoma picha ile alihesabu akitoka juu. Lakini daktari akiwa na kisu mkononi huhesabu akitoka chini, kwa sababu ule mfupa wa pembetatu haufanani na mwingine wowote. Kwa mtu mwenye tano hakuna neno, ukishuka au ukipanda unafika mahali pale pale. Kwa mwenye sita hamkutani. Daktari ataita ya mwisho kuwa ya tano, ya juu yake ataiita ya nne, atapasua hapo, atatoa diski nzima isiyo na kosa, na ile mbovu ataiacha inaendelea kubana.

"Kesho hiyohiyo," akasema. "Na hatajua."

Sitajifanya mwema hapa. Nilimkasirikia. Miezi saba tumekaa kwenye mabenchi, tumebembeleza makarani, tumepata siku, na sasa yeye na kidole chake anataka kutuvurugia. Nilimwambia kama daktari atakasirika na kuahirisha, Mama asipotembea tena nitajua wa kumlaumu. Baba akaondoka na bahasha yake. Alikwenda kwa muuguzi, muuguzi akamwambia daktari yuko chumba cha upasuaji na asisumbuliwe. Alikwenda kwa karani, karani akamwuliza yeye ni nani kwa mgonjwa, halafu yeye ni nani kwa elimu. Baba akasema anafanya kazi chumba cha mifupa. "Unafagia," karani akasema, wala si kwa ubaya. Alikuwa anatafuta la kuandika kwenye fomu.

Tukakaa kwenye benchi mbele ya mlango wenye taa nyekundu. Baba alishika ile bahasha mapajani kwa mikono miwili. Kijasho chembamba kilimtoka kwenye paji la uso na hakukifuta. Kila mlango ulipofunguka alisimama, na kila mara alikuwa mtu mwingine. Nilimwambia akae. Alikaa, akasimama tena. Nimewaona watu wengi wamekata tamaa, saluni ni mahali pa kusikia mengi, lakini sijamwona mtu akiomba namna ile bila kufungua mdomo.

Saa kumi na nusu daktari akatoka, kofia ya kazi bado kichwani na macho yamemwiva.

"Shikamoo, Mzee Pingili. Mbona huku?"

"Marahaba, daktari. Naomba uhesabu hapa."

Daktari akaipokea eksirei, akaiinua kwenye taa ya dari, akahesabu kwa kucha ya kidole kidogo. Akatabasamu vile watu wanavyowatabasamia wazazi wao.

"Tano, Mzee. Hii ya juu unayoihesabu ni ya kifua. Ubavu wake ni mfupi, umejificha nyuma ya kivuli cha tumbo. Nenda ukapumzike."

"Haina ubavu. Nimeishika."

"Mzee, nimefungua migongo zaidi ya mia mbili. Sijawahi kukuta ya sita. Na za kiuno ni tano, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Namba tatu ana tano, nimezihesabu mpaka usingizini."

Baba akairudisha eksirei kwenye bahasha. "Namba tatu alikuwa na sita," akasema. "Ana tano kwa sababu moja niliitoa mimi."

Wala mimi sikuwa nimelisikia hilo. Daktari akavua kofia.

Baba akasema yote pale pale, amesimama, kama mtu anayetapika na hawezi kuchagua mahali. Mwaka wake wa pili wa kuunga mifupa alikabidhiwa kiunzi namba tatu. Akahesabu kiuno, akapata sita. Aliyekuwa kabla yake alikuwa mlevi, na katika kila kabati Baba alikuta mkono wa huyu umeungwa na kiganja cha yule. Kwa hiyo akaona hapa napo ni ulevi, pingili ya mtu mwingine imejipenyeza. Akaitoa, akafupisha waya, akakata mpira mpya. Mkuu wa idara akamsifu mbele ya watu, akasema sasa namba tatu ndiye atakayetumika kwenye mitihani, maana anakubaliana na kitabu neno kwa neno.

"Miaka sita baadaye waya ukakatika," Baba akasema. "Nikawa nimezimwaga zote mezani. Nikaichukua ile niliyoitoa, nikaijaribu. Ikaingia juu, ikaingia chini. Vile vifupa vya nyuma vilikaa kwenye vya wenzake kama kifuniko na chupa yake, hakuna hata nafasi ya unywele. Ilikuwa yake. Alizaliwa nayo."

"Ukafanyaje?"

"Nikairudisha kwenye droo."

"Kwa nini?"

"Mtihani ulikuwa wiki ile. Nilikuwa na mtoto mdogo." Alinitazama mimi aliposema hivyo. "Niliogopa kumwaga unga. Halafu mtihani ukaisha, mwaka ukaisha, ikawa ndiyo basi tena. Nikajiambia watu wa namna hiyo ni wachache. Nikajiambia kitabu kitawaeleza."

"Kitabu kinaeleza," daktari akasema polepole. "Mstari mmoja. Niliusoma. Sikuwahi kumwona mtu mwenyewe."

Halafu akasukuma mlango wa wodi akiwa mbele yetu, karibu anakimbia, akamwagiza muuguzi mgonjwa apelekwe eksirei sasa hivi, mgongo mzima, kuanzia fuvu. Fundi wa eksirei alikuwa ameshafunga mashine na kuvaa koti. Akasema kesho. Daktari akamwambia kesho ni leo, na kwa namna alivyosema fundi akavua koti. Kumgeuza Mama kwenye meza ile ya baridi kulimtoa kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, hata siku ya ndoo. Alimwuliza Baba, "Unanitafuta nini? Umeambiwa nilale, kesho nipone, unanitafuta nini?" Baba alimshika mkono na kusema nisamehe, nisamehe, mpaka fundi akamtoa nje.

Picha zilipotoka daktari alizibandika kwenye kioo chenye taa, akachukua kalamu, akaanza kwenye fuvu. Alihesabu kwa sauti. Saba, akaweka alama. Kumi na tisa, mwisho wa mbavu, akaweka alama. Akaendelea kushuka, na alipofika ishirini na nne, ambapo mgongo wa kila mtu hukalia ule mfupa wa pembetatu, kalamu yake ilikuwa bado haijaufikia. "Ishirini na tano," akasema. Fundi wa eksirei akasogea karibu kuangalia. Hakuna aliyemcheka Baba, wala aliyemsifu.

Mama alipasuliwa Jumatano asubuhi, kwenye pingili yenyewe. Daktari alisema diski ilitoka vipande vipande, na mishipa iliyobanwa ilikuwa imepauka. Siku ya kwanza mguu haukusema kitu. Siku ya pili vilevile. Baba alikaa sakafuni, upande wa miguuni wa kitanda, ameutolea macho wayo wa kushoto, hali, hanywi, mpaka muuguzi akatishia kumpa na yeye kitanda. Siku ya tatu, Mama akiwa anamsema kwa kutochana nywele, kidole gumba kikainuka. Kidogo tu, kikashuka. Kikainuka tena.

Nililia kwa sauti, na Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Alimwambia Baba amempa ruhusa sasa, ahesabu atakavyo, maana ana moja ya ziada ambayo wanawake wenzake hawana. Baba alishika ule wayo kwa viganja viwili, akalaza shavu lake juu yake. Niliona mabega yanamtikisika. Nikadhani ni furaha, nami nikaona sasa yamekwisha.

Daktari alikuja mchana wa siku ile ile. Hakumwangalia mguu Mama, alimwambia tu hongera. Alikuwa amebana faili la kahawia kwapani, la zamani, pembe zimejikunja. Akamwomba Baba watoke, nami nikafuata bila kuombwa. Koridoni, pembeni ya lile benchi, akalifungua na kuinua picha kuelekea dirishani.

"Hesabu, Mzee."

Baba hakuhitaji kidole. "Sita," akasema.

"Ni mwalimu wa watoto wadogo. Nilimpasua mwaka juzi." Daktari alizungumza taratibu, kama anayesoma. "Nilipofika ndani nilikuta diski safi kabisa. Nikashangaa kidogo, nikaitoa. Alipokuja kulalamika hapati nafuu nikamwambia avumilie. Alipokuja mara ya tatu, anatembea na fimbo mbili, nikamwandikia aende kwa daktari wa akili. Nilimwambia mgongo wake umepona, tatizo ni mawazo yake."

Baba alishika ukuta. Nilimwambia akae, hakukaa.

"Wapo wengine?" akauliza.

"Nimeshapitia mafaili ya miaka minne. Mpaka sasa ni yeye. Nitaendelea. Na wenzangu niliosoma nao wako hospitali zingine, nimewaandikia." Akafunga faili. "Nimepiga simu kwake asubuhi. Mke wake ndiye aliyepokea. Nikamwomba nizungumze naye, akakata."

"Ukapiga tena?"

"Nikapiga. Akasema nisihangaike. Mumewe haongei na madaktari tena."

Wodini Mama alikuwa anaita, anataka tuje tuone, kidole cha pili nacho kimeanza. Baba alisikia, nilimwona amesikia. Alinyoosha mkono akalichukua lile faili mikononi mwa daktari, akatafuta ukurasa wa mbele wenye anwani, macho yake yanashindwa kusoma kwa machozi, akanipa mimi nimsomee.

"Mimi si daktari," akasema. "Nitakwenda mimi."